Muziki kwa Mgonjwa Mahututi

Mgonjwa mahututi aliyetiwa mpira kooni ili apumue kwa mashine hawezi kusema. Huumwa, huogopa, na hofu huzidisha maumivu.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 373 wa namna hiyo katika eneo la Minneapolis. Waliosikiliza muziki walioupenda wenyewe, kila walipotaka, walipungukiwa na hofu, wakahitaji dawa za kutuliza mara chache kuliko waliouguzwa kwa desturi. Uchunguzi mwingine umeonyesha kuwa muziki wa dakika 20 hadi 30 huweza kupunguza maumivu kwa kiasi.

Basi mama, mumeo akilazwa katika hali hiyo, wewe ndiwe ujuaye apendacho: taarabu, rumba au nyimbo za dini. Mweleze muuguzi na umwombe ruhusa. Sauti iwe ya chini; mgonjwa akikunja uso, zima mara moja. Muziki si badala ya dawa, bali ni msaidizi wake.

Nawe askari, waambie jamaa zako mapema nyimbo uzipendazo, ungali na sauti ya kuwaambia.