Meno ya Kahawia si Uchafu

Hivi karibuni, katika shule moja ya msingi upande wa Kemondo, mwanafunzi alisimamishwa mbele ya wenzake na kuamriwa arudi nyumbani akasugue meno. Meno yake ni ya kahawia. Mtoto huyo si mchafu. Wazazi wake ni watumishi waliohamishiwa Kagera kutoka Arumeru, naye alizaliwa na kukulia Maji ya Chai.

Ndugu walimu, jambo hili yafaa lieleweke. Maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi yanayotiwa katika makande huongeza madini hayo. Mtoto anayekula na kunywa hivyo kabla ya kufikia umri wa miaka 8 hivi, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya taya, huota meno yenye madoa. Madoa hayo yamo katika jino lenyewe, wala hayaondoki kwa mswaki, mkaa au mchanga. Mchanga utalila jino tu.

Sisi wa mwambao wa ziwa tumebahatika kwa maji, ndiyo maana twadhani weupe wa meno ni tuzo ya usafi. Lakini hata kwetu meno hayafanani. Meno ya utotoni ni meupe kuliko ya ukubwani. Katika kinywa kimoja, chonge huwa na umanjano kuliko meno ya mbele. Mtu anapozeeka, gamba la nje hulika na umanjano wa ndani ukajitokeza. Atafunaye kahawa iliyokaushwa, kwa desturi yetu ya kumkirimu mgeni, hupata weusi wa juu juu, na huo ndio unaosafishika. (Sijapata kuona mzee wa Kihaya akisimamishwa mbele za watu kwa ajili hiyo!)

Fikra hii huwafuata vijana hadi kwenye usaili wa kazi. Nimewahi kuketi katika jopo lililompunguzia mwombaji alama za unadhifu kwa sababu ya meno yake. Nilinyamaza, nami nilikosa.

Walimu na maofisa utumishi waulize kwanza mtu alikulia wapi na alikunywa maji gani. Mtoto wa Kemondo hakuulizwa, na hadi leo husoma kwa sauti akiwa amefunika kinywa kwa kiganja.