Ukiuza shafti za kuchongesha, kubali kulipia sifuri

Leo naongea na wenzangu tunaouza mtandaoni spea za kuchongesha: shafti za mashine za kusaga, bushi, pini, vipande vya mashine za kukamua alizeti. Mimi niko huku Binza, Simiyu. Ni muuzaji, siyo fundi, ila nimekaa sana karakana nikisubiri oda zangu, na kuna jambo naona tunalichukulia poa.

Matangazo yetu mengi yanasema, "Imechongwa kwa CNC, haikosei." Jamani, hilo neno tuliache. Mashine inayoongozwa na kompyuta haijui chuma kiko wapi. Fundi ndiye anaiambia: hapa ndipo mwisho wa chuma, hapa ndipo katikati yake. Hiyo ndiyo sifuri ya kazi. Akiiambia vibaya, itachonga vibaya kwa utiifu kabisa. Na ubaya wake unajirudia. Mashine ya mkono ikikosea kipande kimoja, kinachofuata kinaweza kutoka sawa. Hii ukiweka oda ya shafti kumi, zote kumi zinatoka na kosa lile lile.

Mashine tunazozitegemea mikoani nyingi ni za zamani, zilizonunuliwa zimeshatumika. Nyingi za aina hiyo ukizima hazikumbuki zilikuwa wapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi lazima fundi azirudishe kwanza kwenye kituo chao cha mwanzo. Halafu bado kuna sifuri ya kazi yako, ambayo ni kitu kingine, na kwenye baadhi ya mashine hizo inafutika kabisa. Fundi mwenye haraka anaendelea na namba za asubuhi. Hapo ndipo hela yako inapopotelea.

Fundi makini anafanya hivi. Anapitisha kisu kidogo tu kwenye uso wa chuma, anakirudisha nyuma bila kukisogeza kwa urefu, anaiambia mashine hapo ni sifuri. Kisha anakata kidogo ubavuni, anakitoa kisu bila kubadilisha kina, anasimamisha mashine, anapima kwa maikromita. Ikisoma 27.46, anaingiza 27.46, siyo 27.5. Kuanzia hapo mashine inajua katikati iko wapi. Akibadilisha kisu, anarudia, maana kila kisu kina urefu wake.

Kwa nini nahangaika na namba ndogo hivyo? Chukua beringi ya 6205, inayotumika kwenye mashine nyingi ndogo. Tundu lake ni milimita 25. Shafti ikitoka 24.90, beringi itazunguka juu ya shafti, itapata joto, itaila. Ikitoka 25.10, mteja ataipigilia kwa nyundo na kuiharibu. Na kosa la 0.05 tu kwenye nafasi ya kisu linakuwa 0.1 kwenye kipenyo, kwa sababu kisu kinakata pande zote chuma kinapozunguka.

Mteja wetu sasa. Ametuma hela kwa simu, hajakuona. Mashine yake imesimama, watu wamebeba mahindi yao wamempelekea jirani. Amesubiri mzigo kwenye basi siku mbili. Anafungua boksi, shafti inacheza. Hapo hata ukimrudishia hela yote, wateja wake wa kusaga humrudishii.

Ndiyo maana napinga tabia yetu ya kumbana fundi bei mpaka anaruka hatua. Tunamwambia, "Si ni kubonyeza tu?" Muda mwingi wa oda ndogo ni kuweka sifuri, siyo kuchonga. Mimi nalipa kipande cha kwanza bei yake peke yake. Fundi anakiacha kinene kidogo, tuseme 0.3, anapima, anarekebisha namba, ndipo anamalizia. Kinene kinapunguzika, chembamba hakirudi. Akipima kikiwa cha moto atadanganyika pia: shafti ya milimita 50 iliyopata joto la nyuzi 40 zaidi inavimba kama 0.02. Kinapoa kwanza, kisha maikromita. Umeme ukikatika, kipande cha kwanza baada ya hapo nacho kinapimwa upya.

Kuna watakaosema bei itapanda, mteja atakimbilia kwa mwingine. Wapo watakaokimbia kweli. Ila ukitumia picha ya maikromita ikiwa imebana shafti yake, na namba inasomeka, mwenye mashine ya kusaga anaelewa haraka kuliko maelezo yoyote. Mimi picha hiyo naituma kabla sijapeleka mzigo stendi, na kwenye risiti naandika kipimo kilichopimwa, siyo kile alichoagiza.