Wale Wasiofika, Nani Awahesabu?

Kila mara watumishi wa upimaji wa afya wanapoingia katika mitaa yetu ya mpakani, maneno huanza. Mmoja asema: "Serikali imewatuma kutafuta kodi." Wa pili asema: "Wataka damu yetu." Wa tatu, naye ni Mkristu asiyekosa Misa, asema: "Kuhesabu watu ni dhambi ya Daudi." Na wa nne, mtu aliyesoma, acheka akisema: "Kazi bure! Mkitaka habari za wagonjwa, nendeni dispensari, mtazame daftari." Basi mlango wafungwa. Au wafunguliwa, lakini mgeni ajazwa uwongo, aenda zake.

Sisi twasema wazi: wote wanne wamekosa. Na aliyekosa kuliko wenzake ni huyo wa nne, maana maneno yake yana sura ya akili, tena yapendwa na wakubwa. Tuanze na yeye.

Daftari lajua nini?

Daftari la dispensari ni chombo chema, wala hatulidharau. Muuguzi aandika humo jina la mgonjwa, umri wake, ugonjwa, na dawa aliyopewa. Lakini lamjua nani? Lamjua yule aliyefika tu. Mama aliyezaa nyumbani juu ya mkeka hayumo. Mtoto aliyekufa kwa homa huko porini, wazazi wake wakichoma makaa, hayumo. Mzee aliyenunua vidonge vinne sokoni, akavimeza bila kujua ni vya nini, naye hayumo. Kumbe, hao ndio hasa tunaotaka kujua habari zao! Anayesimama mlangoni pa dispensari na kuuliza kama watu huja dispensari ni sawa na mtu anayesimama kanisani siku ya Dominika na kuuliza: "Nani hakuja Misa?"

Sisi makatekista tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kitabu cha ubatizo chataja waliobatizwa. Hakisemi neno juu ya nyumba ambayo hakutoka mtu. Padri akitaka kuwajua hao, hamtumi mtu kufungua kabati la sakristia. Amtuma katekista apite nyumba kwa nyumba. Yaliyo kweli kwa roho ni kweli kwa mwili pia.

Tena Mokambo i mpakani, na Mufulira ya Zambia i karibu. Mwezi wa Aprili 2006 Zambia iliondoa malipo ya matibabu katika vituo vya wilaya zake za mashambani, na baadaye mahali pengine. Kila mtu wa mpaka ajua kwamba wagonjwa huvuka. Basi, mama wa Mokambo akivuka kwenda kutibiwa ng'ambo, daftari letu lasema hakutibiwa, na daftari la ng'ambo laweza kumhesabu kama mtu wa kwao. Madaftari mawili, na yote mawili yamepotoka! Awezaye kupata kweli ni yule tu anayeketi na mama huyo nyumbani kwake na kumwuliza: "Ulipougua, ulikwenda wapi?"

Liko na shauri jingine. Tuseme daftari laonyesha kwamba mwaka huu wagonjwa 400 walifika. Je, ni wengi au ni wachache? Huwezi kujibu kama hujui ni watu wangapi wanaokaa hapo. Na nchi yetu ya Kongo sensa yake ya mwisho ni ile ya mwaka 1984! Tangu hapo idadi ya watu huongezwa kwa kalamu mwaka hata mwaka, kana kwamba hakukuwa na vita, wala watu hawakuhama, wala machimbo hayakuvuta vijana kutoka pande zote. Ukigawanya hesabu isiyo kamili kwa hesabu ya kukisia, utapata nini? Utapata neno zuri la kuandika katika ripoti, basi.

Ushahidi wa chanjo na wa vita

Msifikiri twabuni. Kwa miaka mingi ripoti zilizotoka vituoni zilionyesha kwamba watoto wengi sana wa Kongo wamechanjwa. Mahali pengine hesabu ilipita hata 100 katika 100, jambo lisilowezekana. Kisha, mwaka 2017 na 2018, wapimaji walipita nyumba kwa nyumba katika uchunguzi uitwao MICS. Waliomba kuona kadi za chanjo, na pasipo kadi walimwuliza mama. Wakaona kwamba katika kila watoto 100 wenye miezi 12 hadi 23, ni 35 tu waliopata chanjo zote zinazotakiwa. Mwezi wa Oktoba 2018 serikali ikaanzisha mpango wa haraka wa chanjo, ulioitwa Mpango wa Mashako kwa kumbukumbu ya Waziri wa Afya wa zamani. Tazameni tofauti: karatasi za vituoni zilitulaza usingizi, maswali ya nyumbani yalituamsha.

Tukumbuke na vita. Kati ya mwaka 2000 na 2007 shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi mara tano, likiuliza katika nyumba nani amekufa na kwa sababu gani. Likakadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kupita kiasi cha kawaida tangu mwaka 1998. Wataalamu wengine wameibishia hesabu hiyo, wakisema ni kubwa mno. Na wabishane, ni haki yao. Lakini uchunguzi huo ulionyesha kwamba wengi wa wafu hao hawakuuawa kwa risasi wala kwa panga. Waliuawa na malaria, kuhara, kichomi na njaa, maana dispensari zilikuwa zimeporwa, na njia zimefungwa. Daftari gani lingeyasema hayo? Daftari lilikuwa limechomwa moto pamoja na dispensari yenyewe.

Hata pale tunapotaka kujisifu, uchunguzi watufundisha unyenyekevu. Ule mkubwa wa mwaka 2007, uitwao EDS, ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, kama 70 walizaliwa katika nyumba za matibabu. Ule wa 2013-2014 ulionyesha 80. Tukashangilia. Lakini uchunguzi huo wa pili ulikadiria pia kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba na uzazi. Maana yake, kufika hospitali si kupona. Mama aweza kufika akakuta hakuna damu, hakuna dawa, hakuna mkunga. Asiyeuliza mambo hayo yote mawili, kufika na kupona, ajidanganya.

Kodi, damu na Daudi

Sasa turudi kwa wale watatu. Yule wa kodi na yule wa damu hatuwacheki. Hofu zao zina mizizi. Siku za Wabelgiji, Bulamatari alihesabu watu ili walipe kodi na watoe wafanyakazi. Waganga wa ugonjwa wa malale walipanga vijiji mistari, wakapapasa shingo za watu, wakaandika vyeti. Na baada ya vita ya pili ya dunia wakawadunga maelfu ya watu wazima wa afya sindano ya lomidini, bila kuwauliza kama wataka. Ndipo wazee wetu wa Katanga walipozungumza usiku habari za batumbula, watu wanaokamata wenzao na kuwala. Mtu aliyetendewa hivyo hakosi kuogopa.

Lakini tusichanganye mambo. Upimaji wa leo hauna sura ile. Vijiji na mitaa huchaguliwa kwa kura, na nyumba ndani yake kwa kura vilevile, ili tajiri na maskini wawe na nafasi sawa ya kuulizwa. Mtu huombwa ruhusa kwanza, naye aweza kukataa. Jina lake halitangazwi katika matokeo. Tone la damu hutolewa kidoleni ili kutafuta malaria, upungufu wa damu au virusi vya ukimwi. Kodi haitafutwi kwa tone la damu! Na mtoto akionekana ana malaria, mzazi huambiwa palepale. Methali yetu yasema: mficha maradhi, kilio humfichua. Je, twangoja kilio?

Na wewe ndugu Mkristu unayemtaja Daudi, soma vizuri. Daudi alihesabu wanaume wenye kushika upanga, apate kujivunia nguvu zake. Hakuhesabu wagonjwa apate kuwatibu. Tena mchungaji yule wa Injili alijuaje kwamba kondoo mmoja kati ya mia amepotea? Hakujua kwa ndoto. Alihesabu! Asiyehesabu hana kondoo aliyepotea, maana hata hajui kama alikuwa naye. Hiyo ndiyo dhambi tunayoiogopa sisi: kutojua, na kustarehe katika kutojua.

Uwongo wa mlangoni

Wako na wengine wanaofungua mlango, lakini hawasemi kweli. Mmoja aficha kwamba mkewe alizaa nyumbani, kwa kuona haya. Mwingine azidisha shida zake, akitumaini chandarua au unga. Wa tatu ajibu kwa niaba ya mkewe, hata mama hapati nafasi ya kufungua kinywa. Wote hao wamnyima jirani yao dawa. Nyumba moja iliyopigiwa kura yasimama kwa ajili ya nyumba nyingi zisizoulizwa. Ukidanganya, umedanganya kwa midomo ya wote.

Wababa, hapa tuna neno nanyi. Katika uchunguzi wa EDS mama huulizwa ni kitu gani kinachomzuia kutafuta matibabu: fedha, umbali, kuogopa kwenda peke yake, au kukosa ruhusa ya mumewe. Mnasikia? Ruhusa ya mumewe imeandikwa pamoja na fedha na umbali. Dispensari haiwezi kuliponya zuio hilo. Ninyi mwaweza, leo hii.

Na ninyi wakubwa

Hatutawalaumu watu wadogo tu na kuwaacha wakubwa. Kama raia apaswa kujibu kweli, mwenye kuuliza apaswa kurudi na jibu. Wapimaji waja, waandika, waenda. Kitabu chapigwa chapa kwa Kifaransa, nacho chasomwa mbali na wale waliotoa majibu. Mama aliyetoa saa yake na tone la damu ya mtoto wake haambiwi neno. Hii si heshima. Twataka matokeo yasomwe kwa Kiswahili na Kibemba, mbele ya machifu, viongozi wa jumuiya, wauguzi na wazazi.

Tena, hesabu ya wastani huficha watu. Mwaka 2013-2014 Katanga ilikuwa bado mkoa mmoja: mtu wa Lubumbashi karibu na hospitali kubwa, na mtu wa kando ya ziwa Tanganyika, walitiwa katika chungu kimoja. Tangu mwaka 2015 Katanga imegawanyika kuwa mikoa minne, na hilo ni jema. Lakini hata hesabu ya Haut-Katanga haitasema lolote juu ya Mokambo peke yake. Dawa yake i wapi? Kuna njia ndogo za kupima zisizo na gharama kubwa. Mojawapo yatumia watu 19 tu, waliochaguliwa kwa kura katika kila eneo, nayo yatosha kuonyesha kama eneo hilo limefikia kipimo kilichowekwa au limebaki nyuma. Viongozi wa afya wa teritori ya Sakania na wafanye hivyo kila mwaka, na parokia zitoe vijana wanaojua kusoma na kutunza siri.

Mwisho, msihesabu wasiofika na kisha mkaacha mlango umefungwa. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa Associated Press walizuru hospitali na kliniki zaidi ya 20 katika Lubumbashi, wakaona kwamba zote, isipokuwa moja, zilikuwa zikiwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Mama aliyezaa azuiliwa na kitoto chake mpaka deni lilipwe! Jirani yake akisikia hayo, je, atafika mwaka ujao? Mpango wa uzazi bila malipo ulianza Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, ukaendelea polepole kuelekea mikoani. Twausifu. Lakini kama umefika kweli kwa mama maskini, au umefika katika karatasi tu, hatutaulizia ofisini. Tutamwuliza mama mwenyewe, nyumbani kwake.

Basi, Wakristu wenzetu, mpimaji akibisha hodi, mwombeni kwanza aonyeshe cheti chake. Ni haki yenu. Kisha mpeni kiti, mjibuni kweli, mwacheni mama aseme kwa kinywa chake. Na kabla hajaondoka, mwulizeni naye swali moja: "Utarudi lini kutuambia mlichokiona?" Na asiporudi, tumkumbushe, tena na tena, mpaka arudi.