Tufundishe Kutunza, Tusifungie Kabati



Makanisa mengi yana kabati la vitabu, na mara nyingi ufunguo hukaa kwa mama mmoja anayejitolea. Watoto wakirudisha vitabu vimechanika, mama huyo huchoka, akafunga kabati. Lakini kabati lililofungwa halihifadhi vitabu. Giza, unyevu na hewa isiyotembea huleta ukungu, mende na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokula gundi na karatasi. Kitabu kinachosomwa hupata hewa, na kasoro zake huonekana mapema. Dawa ni kufundisha.

Kwa watunzaji:

1. Kabati lisigusane na ukuta, wala vitabu visikae sakafuni. Visimame wima bila kubanana.

2. Kitabu kisivutwe kwa ncha ya juu ya mgongo, maana hapo huchanika upesi. Sukuma ndani kidogo vile vya jirani, kisha kishike katikati.

3. Ukurasa uliochanika usitiwe selotepu. Baada ya miaka hugeuka njano na kuacha doa. Tumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga iliyopikwa, ukaushe chini ya kitu kizito.

4. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Kisimamishe, tandaza kurasa, mahali pa kivuli penye upepo.

5. Chenye ukungu kitenge na vingine. Kikikauka, kifutie nje ya nyumba, umefunika pua na mdomo. Sisi wauguzi twajua vumbi hilo huweza kuamsha pumu.

Kwa watoto wetu nyumbani: wanawe mikono na kuikausha kabla ya kusoma. Wasilambe kidole kufunua ukurasa. Mate huchafua karatasi, na uchafu wa karatasi huingia kinywani. Waweke alama kwa kipande cha karatasi, wasikunje pembe. Kitabu kisikae mfukoni pamoja na maandazi yenye mafuta au chupa ya maji.

Zaidi ya yote, mtoto akichana kitabu aseme, asifiche. Mpasuko mdogo huzibwa kwa dakika chache, uliofichwa hukua. Mama, usimwaibishe mbele za watu, maana mtoto aliyeaibishwa huenda asirudi kuazima tena.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee vitabu vyake. Nasi tuvitunze vyetu, ili atakayevihitaji kesho avikute vizima, na mlango wa kabati ukiwa wazi.

Mungu azibariki familia zenu.