Kaswende Hupofusha, na Kunyamaza Kwetu Huisaidia



Liko neno moja ambalo nyumbani mwetu halitamkwi, wala barazani pa wazee, wala shuleni. Neno hilo ni kaswende, ambayo wengine huiita sekeneko. Likitajwa, mama huinamisha kichwa, na baba huanza habari za kahawa. Nami nasema ya kwamba kunyamaza huku si adabu. Ni kumsaidia adui, maana ugonjwa huu hupofusha watu, na dawa yake ipo.

Wengi wajua ya kuwa kaswende huleta kidonda. Wachache wajua ya kuwa huharibu macho. Mdudu wake ni mdogo sana, naye amejisokota kama parafujo. Alitambuliwa mjini Berlin mwaka 1905 na mabwana Schaudinn na Hoffmann. Huambukizwa kwa kulala na mtu aliye nao, au hutoka kwa mama na kumwingia mtoto tumboni. Baada ya majuma matatu hivi hutokea kidonda kisichouma, kisha hupona chenyewe, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Baadaye huweza kutokea vipele, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Mtu hujiona mzima, kumbe mdudu amekwisha kuenea mwilini pamoja na damu.

Sasa, nyuma ya kila jicho uko mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja, nao huchukua habari za mwanga mpaka kwenye ubongo. Jicho lisilo na mshipa huo ni kama simu iliyokatwa waya: chombo ni kizima, lakini neno halifiki. Mdudu wa kaswende akiufikia, mshipa huvimba. Mtu huona ukungu, rangi nyekundu humfifia, vitu vya pembeni humpotea. Na mara nyingi haumwi. Kwa kuwa jicho kwa nje ni safi, jirani humwambia, "Mbona huna kitu?" Mshipa ukiachwa hivyo hunyauka, na uzi uliokufa haufufuki. Wala jambo hili halingoji uzee. Laweza kutukia mapema, hata katika mwaka ule ule wa kuambukizwa.

Basi nataka kuwajibu watu wa namna tatu.

Wa kwanza husema, "Amenaswa na tego la mume wa mtu." Huyo hupeleka mbuzi kwa mganga wa kienyeji, na siku zipitazo ndizo siku za kuliokoa jicho. Namwuliza neno moja tu. Mume akirudi safarini na kaswende, mkewe aliyekaa nyumbani kwa uaminifu huambukizwa vile vile. Ni tego gani limnasalo asiye na kosa?

Wa pili ni sisi Wakristo. Husema, "Amejitakia, na aadhibiwe." Je, tumesahau ya kuwa wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka waambiwe ni nani aliyekosa, na Bwana hakuwatajia mkosaji bali alimponya yule mtu? Tena katika Mwanza uko utafiti uliotangazwa mwaka 2002. Wajawazito waliokuwa na kaswende yenye nguvu, nao hawakutibiwa, karibu robo yao walizaa watoto wafu. Watoto hao walijitakia nini? Wala mtu asigeuze maneno yangu akamnyoshea kidole kila kipofu wa kijiji. Vipofu wengi walipofushwa na mtoto wa jicho, au presha ya jicho, au trakoma, hasa huko nyikani kwa Wamasai. Lisemwalo na daktari baada ya kupima ndilo la kuaminiwa, si lisemwalo kisimani.

Wa tatu husema, "Nitakwenda hospitali, lakini watu wa sokoni Tengeru wataniona." Huyo ndiye anitiaye uchungu, maana ajua ukweli naye akawia. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa kupita. Kaswende changa hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya matakoni. Lakini yashikeni sana haya: iliyofika machoni haitoshelezwi na sindano hiyo. Yataka penisilini ya kutiwa mshipani, mchana na usiku, siku 10 hata 14, mgonjwa akiwa hospitalini. Kwa hiyo mtu aonyeshaye kidonda na kuficha habari za macho amemnyima daktari nusu ya ugonjwa, naye ataondoka na nusu ya dawa.

Huko Marekani, katika Tuskegee, jimbo la Alabama, tangu mwaka 1932 mpaka 1972 wenye serikali waliwaangalia wanaume weusi wapatao 400 waliokuwa na kaswende, wasiwatibu, ili waone tu ugonjwa utafanya nini. Nguvu ya penisilini juu ya kaswende ilikwisha kuonekana mwaka 1943, wala hawakupewa. Wako waliokufa, wako waliopofuka. Habari hiyo hutukasirisha, na ni haki. Lakini wale walinyimwa dawa kwa hila za wengine. Sisi twajinyima wenyewe kwa soni.

Basi ndugu zangu, yafaa tubadili desturi. Mama mjamzito apimwe damu kliniki, na baba afuatane naye apimwe pia. Maana kumtibu mmoja na kumwacha mwenzake ni kuteka maji kwa pakacha. Mwalimu alitaje jina la ugonjwa mbele ya vijana wakubwa bila kucheka. Mzee wa kanisa akijiwa na mtu mwenye siri hii, asimtangaze, bali amsindikize. Na yeyote aonaye ukungu asioujua chanzo chake asingoje mavuno ya kahawa yaishe. Aende Nkoaranga, au Mount Meru, au KCMC kule Moshi, aseme yote, kidonda cha zamani na macho ya leo. Kuona haya mbele ya daktari ni jambo la saa moja. Giza likiisha kuingia, halina siku ya kutoka.