Mlaji Anayejua

Siti binti Saad aliingia mjini na vyungu kichwani. Alitoka Fumba, akapita vichochoroni akivinadi kwa sauti, na watu wakaijua sauti hiyo kabla hawajamjua mwimbaji. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, lugha ambayo taarab ya majumba ya wakubwa haikuijali. Tunamtaja mwanzoni mwa toleo hili la chakula na sanaa za Unguja kwa sababu kwake jiko na wimbo vilipita mlango mmoja. Chungu chake kilikwenda kupikiwa mchuzi, na nyimbo zake zilikwenda kueleza mambo ya mitaa ile ile: nani kadhulumiwa, kesi imeamuliwaje. Waliomsikiliza walikuwa na habari kamili. Angeikosea, wangemwambia usiku huo huo.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Chakula cha pwani na sanaa zake vimelindwa na mlaji anayejua na msikilizaji anayejua. Tukimwondoa huyo, kitabaki chakula chenye jina la zamani na ladha isiyo yake.

Chukua taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na kwa miaka yote hiyo wimbo haukukamilika bila mtu kuinuka kwenye kiti, akaenda mbele na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Anayetunza amesikia neno linalomhusu, au linalomhusu jirani yake aliyekaa safu ya nyuma, na jirani naye ameelewa. Kikundi hicho hicho kikipelekwa kwenye baraza ya hoteli kupiga wakati watu wanakula, ala ni zile zile na sauti ni ile ile, lakini hainuki mtu. Wanamuziki wameniambia zaidi ya mara moja kwamba usiku kama huo huwachosha kuliko harusi inayokesha.

Jikoni ni hivyo hivyo, tena zaidi. Urojo unaonekana chakula chepesi: bakuli, mchuzi wa manjano, bajia, kachori, mbatata, chipsi za muhogo, chatne ya nazi. Lakini mtoto wa Mji Mkongwe akionja kijiko kimoja anajua kama ukali ule ni wa embe mbichi au umetoka kwenye chupa. Akikuta si wenyewe, kesho anahamia kwa muuzaji mwingine. Muuzaji analijua hilo, kwa hiyo anaamka mapema. Mgeni wa siku tano hawezi kumlazimisha kuamka mapema. Hana kosa, hajapata kuonja ule mzuri.

Mwaka 2023 visiwa vya Zanzibar vilipokea wageni zaidi ya 600,000. Ni neema, na nyumba nyingi zinakula kutokana nayo, yangu ikiwemo. Lakini nimewahi kulala katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ambako asubuhi tuliandaliwa soseji na maharage ya kopo, na mchana nikapita nyuma ya jiko nikawakuta wafanyakazi wamezunguka sinia la wali na pweza wa nazi. Pweza yule alichokolewa kwa kijiti miambani, maji yalipokupwa, na mwanamke wa kijiji cha jirani. Nikamuuliza mpishi kwa nini hakufika mezani kwetu. "Mwanangu," akasema, "wageni hawali hivi." Nilimuuliza kama wamewahi kupewa. Akanyamaza, kisha akanisogezea mahali pa kukaa.

Watu wa Makunduchi wanalo jibu la miaka mingi. Katika sherehe ya mwaka mpya ya Mwaka Kogwa, baada ya wanaume kupigana kwa migomba na kibanda kuchomwa moto, kila nyumba hutaka kuwa na mgeni wa kula naye. Anakula kilichopikwa kwa ajili ya watu wa nyumba, pembeni ya mama mkwe ambaye hatanyamaza kama tui ni jepesi. Huo ndio ukarimu tunaoutetea. Kumpikia mgeni chakula chake cha kwao, kisha tukala chetu kwa kujificha, ni kumnyima tulicho nacho.

Kwa hiyo tunazitaka hoteli ziweke pweza yule mezani na ziandike kijiji alikotoka. Tunataka usiku wa taarab uwe na viti vya wenyeji, kwa bei ya wenyeji, ili noti zianze kuinuka tena. Na kwenye soko la vyakula la jioni pale Forodhani, wanaopanga bei wafikirie familia ya mtaa wa Ng'ambo inayotaka kuja na watoto wanne. Familia hiyo ikiacha kuja, hakutakuwa na wa kumwambia mchomaji kwamba ngisi wa leo ni wa juzi.

Nasi tumejaribu kuufuata mwendo huo humu ndani. Kila pishi lililochapishwa katika toleo hili lilipikwa kwanza na kupelekwa kwa majirani wa mpishi, bila kuwaambia ni la gazeti. Mchuzi wa ng'onda ulipita siku ya kwanza. Mkate wa ufuta ulirudishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu unga haukuumuka vya kutosha, mara ya pili kwa sababu bibi mmoja wa mlango wa tatu alijua, kabla hajameza, kwamba tui lilikuwa la pakiti. Tulikuna nazi, tukaanza upya. Uliopo ukurasa wa katikati ni ule wa mara ya tatu.