Kosa la Alinacha Lilikuwa la Mguu

Kiswahili kimemdhulumu Alinacha. Jina lake limegeuzwa kuwa alama ya upumbavu: mtu akipanga makuu kuliko uwezo wake, huambiwa kwamba anaota ndoto za Alinacha, na mazungumzo yakaishia hapo. Wengi wanaolitumia jina hilo hawajakisoma kisa chenyewe, ambacho asili yake ni Alfu Lela Ulela. Alinacha alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavitia kapuni, akaketi kungoja wanunuzi. Alipokuwa akingoja, akili yake ikafunga safari. Angeuza kwa faida, angenunua vingine na kuuza tena, angetajirika, angemposa binti ya waziri. Na bibi harusi angekuja mbele yake kwa unyenyekevu, naye angemjibu kwa teke ili ajue ameolewa na nani. Teke likarushwa kweli. Kapu likapinduka, vioo vikawa vigae.

Aghalabu wasimulizi hufika hapo wakatoa onyo dhidi ya kuota mchana. Lakini msomaji akikitazama kisa kwa makini, ataona kwamba kilichovunja vyombo ni mguu. Hadi teke liliporushwa, hesabu za Alinacha zilikuwa hesabu za mfanyabiashara yeyote: mtaji, faida, ununuzi wa pili. Kilichomwangamiza ni kiburi kilichoingia ndotoni kikauamuru mwili. Swali linalowastahili wanafunzi wa fasihi ni jingine: kwa nini akili hufunga safari hizo pasipo kutumwa, na je, Kiswahili kinazitendea haki?

Msamiati wenyewe hauna huruma. Mtu ambaye mawazo yamemchukua huitwa aliyezubaa, aliyepumbaa, aliyeghafilika. Yote hayo ni maneno ya lawama. Katika insha za shuleni, mhusika hawezi kuwaza pasipo "kuzama katika bahari ya mawazo" au, mwandishi akitaka kuonyesha umahiri, "kuzama katika luja ya fikira". Picha ni ile ile ya mtu anayekufa maji. Ni ajabu kwamba lugha iliyolelewa na mabaharia haikuchagua picha ya safari. Methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani ingefaa zaidi, maana humo angalau mna kurudi.

Anayetaka kuiona akili ikisafiri pasipo kuzama na aondoke pwani, aende hadi Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni, penye vilima vya Mbooni na mashamba ya matuta. Kusuka viondo ni kazi ya kale ya wanawake wa Ukambani, na mojawapo ya sifa zake ni kwamba husukwa hata njiani. Mama huenda sokoni au kisimani huku uzi wa mkonge ukipita vidoleni mwake. Vidole vinajua kazi, macho yanajua njia. Akili je? Imekwenda kwa mwana aliyeko Nairobi, kwa karo ya muhula ujao, kwa jibu ambalo alipaswa kumpa wifi yake juzi akalikosa, kwa mbaazi ambazo zitaiva endapo mvua haitakatika. Mpita njia akimwamkia huitika papo hapo. Hakuzama popote.

Hapo Mbumbuni, kama kwingineko Ukambani, wapo pia wakulima wanaopanda katika udongo mkavu kabla ya mvua za Novemba. Mkulima huyo huitia mbegu ardhini kwa sababu ameshaiona, kwa jicho la ndani, mvua ambayo haijanyesha. Kwa kipimo cha wasemaji wengi yeye naye ni Alinacha. Ila akingoja hadi aloweshwe ndipo atafute jembe, huenda msimu ukamponyoka, maana mvua zenyewe ni fupi. Kuota yasiyokuwapo ni sehemu ya ukulima wake sawa na kupalilia.

Sayansi imechelewa kulikubali jambo hili. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba ubongo wa mtu asiye na kazi hupumzika. Mwaka wa 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha makala kuhusu sehemu za ubongo ambazo shughuli yake hupungua mtu anapoikazia akili kazi ya nje, na kupanda tena anapoiacha. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Na kuikazia akili kazi fulani huongeza matumizi hayo kidogo tu. Jiko halizimwi wageni wakiondoka. Tafiti zilizofuata zimezihusisha sehemu hizo na mambo matatu: kukumbuka yaliyopita, kujenga picha ya yajayo, na kukisia yaliyomo moyoni mwa mwingine. Mwanafunzi wa fasihi hahitaji kuambiwa kazi hizo ni za nani. Kisengerenyuma, kisengerembele na kuingia katika nafsi ya mhusika ni mambo ambayo hufundishwa kama mbinu za mwandishi, ilhali kila mja huyatenda anapoosha vyombo.

Haifai, hata hivyo, kumgeuza Alinacha kuwa mtume. Mwaka wa 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya utafiti uliowauliza watu wazima 2,250 kwa njia ya simu, saa yoyote ya siku, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa mahali pengine. Na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili inapotangatanga. Hata mawazo matamu hayakuwapa raha kuliko kuishughulikia kazi iliyokuwa mbele yao. Naye Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, ameonyesha kwamba wahitimu waliojiburudisha sana kwa njozi za kupata kazi nzuri walipata nafasi chache kuliko wenzao. Anayekula karamu ndotoni huamka hana haraka ya kulima. Matokeo haya ni mazito, na anayetetea ndoto za mchana pasipo kuyataja hamtendei haki msomaji. Ila izingatiwe kwamba wengi wa waliojibu maswali ya Harvard walikuwa wakaazi wa Marekani, na kwamba mkulima wa Mbumbuni haiwazii karamu peke yake: huiwazia mvua pamoja na uwezekano wa kuikosa, kisha akashika jembe. Oettingen mwenyewe amegundua kwamba kuliweka tamanio bega kwa bega na kizuizi chake humsaidia mtu kutenda.

Hasara kubwa ya dhuluma hii iko darasani. Mwanafunzi anayetazama nje ya dirisha hukemewa, akaamriwa asimame, akachekwa na wenzake. Baada ya miaka minne huketi kufanya karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ambamo hutakiwa kuandika insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika arubaini na tano. Mara nyingi miongoni mwa maswali huwamo la kubuni kisa kitakachothibitisha methali, au kitakachoanza kwa maneno aliyopewa. Yaani anatakiwa afanye, kwa amri na chini ya saa moja, kile kile alichokatazwa miaka yote hiyo. Ni nani atakayeshangaa akitoa mfukoni maneno ya kukariri: majogoo yaliyowika, jua lililochomoza, na ile bahari ya mawazo? Walimu hulalamika kwamba insha za siku hizi zinafanana kama sare. Zinafanana kwa sababu watahiniwa walipewa misemo lakini hawakupewa muda wa kuwaza. Dakika kumi za kimya kabla ya kalamu kushikwa, dirisha likiwa wazi na mwalimu akiwa amenyamaza, hazigharimu kitu.

Sigmund Freud aliandika mwaka wa 1908 kwamba mwandishi wa kubuni ni mtoto aliyeendelea kucheza. Njozi za mchana zimechukua mahali pa mchezo. Alikosea mengi, na hapa pia aliyaona zaidi matamanio ya mtu binafsi kuliko ya jamii. Shaaban Robert angemsahihisha. Aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika alijenga nchi nzima angani, akaiita Kusadikika, na kitabu kikachapishwa mwaka wa 1951. Humo Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Walirudi na mambo ya kuifaa nchi, wakatiwa gerezani. Wahakiki wamezoea kuisoma Kusadikika kama istiari ya ukoloni, na hapana kosa. Inaweza kusomwa pia kama habari ya akili itumayo wajumbe mbali, na ya utawala unaowafunga wanaporejea kabla ya kuwauliza wameleta nini.

Wasukaji nao hujua kwamba si kila safari ina heri. Siku nyingine mawazo huenda mbali mno, hesabu ya nyuzi ikapotea, na ua la kiondo likapinda. Mama hulitazama, akaguna, akafumua mistari miwili au mitatu, akaanza tena. Kapu halitupwi.